Chaza wa Mto Nile: namna ya kukusanya sampuli na kupima tofauti za jeni

Nilizaliwa Jinja, katika kambi ya jeshi, na Kiswahili ndicho lugha niliyochezea mpira na kugombania zamu ya bomba la maji. Leo ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni kutoa vinasaba vya viumbe wa majini na kuvisoma, na kwa miaka kadhaa sasa nimemshughulikia zaidi mnyama mmoja ambaye Waganda wengi hawajui kama tunaye: chaza.

Sisemi yule wa Mombasa na Pemba anayejibandika kwenye miamba ya pwani na mizizi ya mikoko. Huyu ni wa maji baridi. Jina lake la kisayansi ni Etheria elliptica, alilopewa na Mfaransa Lamarck mwaka 1807. Anaishi katika mito ya Nile, Niger, Senegal, Volta na Kongo, na katika maziwa kama Victoria na Tanganyika. Kwa ukoo yuko mbali na chaza wa bahari. Ndugu zake ni kome wa maji baridi. Ila maisha yao yamefanana: mnyama hubandika gamba lake moja kwenye jiwe, akakaa papo hapo mpaka kufa kwake.

Shika hilo la kukaa papo hapo, kwa sababu mwongozo wote huu umejengwa juu yake. Samaki unaweza kumvua hapa naye jana alikuwa kwingine. Chaza hahami. Mahali ulipomkuta ni nusu ya habari zake, na ukipoteza mahali umepoteza nusu hiyo, hata maabara yako iwe nzuri namna gani. Kazi nyingi za jeni nilizoona zikiharibika ziliharibika mtoni, mchana kweupe, kabla ya mtu yeyote kugusa mashine. Ya kwangu ni mojawapo, nami nitaieleza.

Tunapima nini, na kwa nini Nile

Kila chaza ana nakala mbili za kila jeni. Nakala hizo huenda zikafanana au zikatofautiana kwa herufi chache. Ukichukua chaza wote wa mahali pamoja na kuhesabu wana aina ngapi za nakala, na kila aina imeenea kiasi gani, hapo ndipo unapima tofauti za jeni. Jamii yenye aina nyingi ina akiba. Ukija ugonjwa, au maji yakibadilika, kuna uwezekano kwamba baadhi yao wana nakala itakayowavusha. Jamii iliyobaki na aina chache haina akiba hiyo.

Hapa kwetu maji yamebadilika mbele ya macho yetu. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954 na maporomoko ya Ripon yakazama. Bujagali likaja mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, Karuma mwaka 2024. Nyuma ya kila bwawa, mahali palipokuwa na mwamba na maji ya kasi pamekuwa maji yaliyotulia, na maji yakitulia tope hutua. Chaza anataka jiwe gumu na maji yanayopita juu yake yakimletea chakula. Kwa hiyo vituo vyake vimezidi kutengana kama visiwa. Swali ninalotaka kulijibu, na ambalo wewe pia unaweza kulijibu ukifuata hatua hizi, ni hili: je, chaza wa vituo hivi bado ni jamii moja inayochanganyika, au ni jamii kadhaa, kila moja na akiba yake?

Vibali

Usianze na kisu, anza na karatasi. Kibali cha utafiti hutolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na Uganda ina kanuni za mwaka 2005 kuhusu kuchukua rasilimali za jeni, hasa kama sampuli zitatoka nje ya nchi. Ukienda ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, hapo ni idhini ya UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Halafu, hata kama bahasha yako imejaa mihuri, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji kilicho kando ya mto, umsalimu, umweleze unachokuja kuchukua na kwamba ni vipande vidogo vya nyama. Mtu anayeonekana akichokonoa mawe mtoni bila salamu hufikiriwa anatafuta dhahabu.

Kuchagua vituo

Hapa inafaa kujua wenzetu wa baharini wamefundisha nini. Chaza jike wa bahari hutoa mayai kwa mamilioni, na mabuu yake huelea wiki mbili hadi tatu kabla ya kutua. Ungetegemea basi kwamba bahari nzima itakuwa jamii moja. Lakini mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba chaza wa pwani ya Atlantiki na wale wa Ghuba ya Meksiko wametengana katika vinasaba vyao vya mitokondria, zile sehemu za seli zinazotoa nguvu, na mpaka wao uko upande wa Florida. Kisha mwaka 1994 Dennis Hedgecock akaeleza jambo jingine: katika uzazi wa namna hii, wazazi wachache tu ndio wanaobahatika watoto wao kupona, wengine wote kazi yao huliwa na bahari. Kwa hiyo ghuba iliyojaa chaza huenda imetokana na wazazi wachache kuliko unavyodhani. Wingi wa magamba hauonyeshi wingi wa jeni.

Mtoni habari ni nyingine tena. Chaza wetu yumo katika kundi la kome ambao mabuu yao kwa kawaida hujishika kwenye samaki, wakasafirishwa naye kabla ya kudondoka na kuanza maisha yao. Ikiwa ndivyo, basi panapozuiliwa samaki huzuiliwa na chaza. Angalia maporomoko ya Murchison: Nile yote inabanwa kwenye ufa wa upana wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Sangara, tunayemwita mputa, alikuwa tangu zamani katika Ziwa Albert na mto ulio chini ya maporomoko hayo, lakini juu yake hakuwepo mpaka watu walipompeleka miaka ya 1950. Ikiwa samaki mwenye nguvu kama mputa alishindwa kupanda, chaza atapandaje?

Kwa hiyo usichague vituo kwa sababu barabara inafika. Vichague kwa kuuliza: kati ya hapa na pale kuna nini? Maporomoko, bwawa, kilomita nyingi za tope bila mwamba? Weka kituo kimoja kila upande wa kizuizi, na angalau vituo viwili pasipo kizuizi kati yao, ili uwe na cha kulinganishia. Mimi nilianza sehemu za Kalagala na Itanda, chini ya Jinja, ambako maji bado yanapiga miamba.

Siku ya mto

Vaa jaketi la kuelea, na mtumbwi uongozwe na mwenyeji. Maji ya Nile chini ya mabwawa hupanda na kushuka kwa saa kulingana na milango inavyofunguliwa, na mwamba uliokuwa mkavu saa tatu asubuhi unaweza kuwa umezama saa sita. Mzee anayenichukua mimi hutazama mstari wa majimaji kwenye jiwe moja kubwa, na akisema "tutoke," tunatoka, hata kama nimebakiza chaza wawili tu kutimiza idadi. Chini kabisa, upande wa Murchison, kuna mamba na viboko, na huko haishuki mtu majini bila askari wa hifadhi kukubali. Kila mahali kuna kichocho. Vaa buti ndefu na glavu, na baada ya msimu wa kazi nenda kituo cha afya upimwe. Dawa yake, praziquantel, ipo.

Beba kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita, patasi fupi na nyundo, kisu chembamba kisicho na ncha kali, mkasi mdogo wa upasuaji na vibano, chupa ya dawa ya kusafishia vifaa, vichupa vyenye ethanoli, penseli, daftari lisiloloa maji na GPS au simu yenye ramani.

Tandaza kamba juu ya mwamba kufuata mto. Chukua chaza mmoja kila baada ya fundo moja au mawili, aliye karibu zaidi na fundo, awe mkubwa au mdogo, mzuri au mbaya. Hii ni kanuni ngumu kwa mikono, kwa sababu mikono hupenda kwenda penye wengi. Chaza wa Nile huota juu ya wenzake: mzee chini, watoto juu ya mgongo wake, wajukuu juu ya watoto, mpaka linatokea fungu kama kichuguu. Fungu moja linaweza kukupa chaza 30 kwa dakika kumi, na hiyo dakika kumi ndiyo itakayokuharibia mwaka. Waliotua pamoja huenda wametoka kwa mama mmoja. Ukipima familia moja, hujapima jamii. Kutoka katika kila fungu chukua mmoja, basi.

Lenga chaza 30 kwa kila kituo. Kwa nini 30? Hesabu yake ni nyepesi. Chaza 30 wana nakala 60. Tuseme kuna aina ya nakala ambayo ni adimu, inabebwa kwa asilimia 5 tu. Uwezekano wa kuikosa kabisa katika nakala 60 ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 60, ambayo ni karibu 0.046, yaani chini ya mara moja katika 20. Ukichukua chaza 10 tu, uwezekano wa kuikosa unapanda hadi 0.36. Zaidi ya theluthi! Watu hutumia pesa nyingi kwa mashine halafu wanabana kwenye idadi ya chaza, na hapo ndipo aina adimu zinapowapotea.

Kumfungua

Kwa nje chaza huyu ni kama jiwe: kijivu, mkwaruzo, mara nyingi amevaa mwani. Usimfuate kwa umbo. Katika maji ya kasi gamba huwa bapa na limekazana na mwamba; penye utulivu wengine huota miiba mirefu yenye uwazi ndani kama mirija. Wataalamu wa zamani waliwapa majina ya spishi nyingi kwa kutazama magamba, baadaye wakakubaliana kwamba ni spishi moja inayobadilika umbo kufuata mahali, na miaka ya karibuni vinasaba vya chaza wa bonde la Kongo vikaonyesha kwamba ndani ya hiyo "moja" kuna spishi zilizojificha. Piga picha ya kila gamba, weka rula pembeni, lakini usitoe hukumu kwa macho.

Kama unaweza kumwacha hai, mwache hai. Subiri akiwa chini ya maji amefunua midomo ya gamba kidogo, ingiza kabari ndogo ya mbao, na kwa vibano ushike ukingo wa ule utando wa nyama unaolala juu ya gamba. Kata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Toa kabari. Atajifunga na kuendelea na maisha yake. Inataka subira, na siku ambazo maji yana tope haiwezekani, maana humwoni.

Ikibidi kumbandua, elekeza patasi kwenye gamba la juu, gonga kidogo kidogo. Likifunguka utaona jambo linalonifurahisha kila mara: ndani kunang'aa rangi ya kijani cha zeituni, lulu yenye malengelenge madogo kama uji uliochemka ukaganda. Mtu akiona ndani ya gamba hilo mara moja hawezi tena kuuita mwamba ule mawe matupu.

Kata kwenye ukingo wa utando. Usikate kwenye tezi za uzazi, ile sehemu laini ya katikati. Sababu ni muhimu: kwa kome wengi wa maji baridi, dume hubeba katika tezi zake mitokondria ya aina nyingine aliyoirithi kwa baba, tofauti na ile ya mwili iliyotoka kwa mama. Ukichanganya nyama za sehemu hizo mbili utapata majibu mawili kwa mnyama mmoja, na utadhani umegundua spishi mpya.

Safisha mkasi na vibano kati ya chaza mmoja na mwingine: futa, chovya kwenye dawa ya klorini, suuza, pangusa kwa ethanoli. Kila mmoja, bila kuruka. Jeni ya namba 7 ikiingia kwenye kichupa cha namba 8, hakuna mashine itakayokutenganishia.

Ethanoli na majina

Tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, na iwe nyingi kuliko nyama mara kumi. Siku moja iliniishia mtoni, na kijana mmoja kwa moyo mwema akaniletea waragi. Nilimshukuru, lakini waragi ni asilimia 40 hivi. Iliyobaki ni maji, na ndani ya maji vinasaba huoza. Spiriti ya kuchomea, ile iliyotiwa rangi, nayo usiitumie. Kesho yake asubuhi mwaga ethanoli ya kwanza uweke mpya, kwa sababu nyama imeshatoa maji yake na kuichuja nguvu. Kisha weka mahali pa baridi. Hata friji ya kawaida inafaa.

Sasa majina. Andika kwa penseli kwenye kijikaratasi kigumu, ukitumbukize ndani ya kichupa pamoja na nyama. Wino wa kalamu huyeyuka katika ethanoli. Niliwahi kufika Kampala na vichupa 18 vyeupe kabisa, maandishi ya makapeni yote yameoshwa na tone lililovuja kwenye boksi barabarani. Risasi ya penseli haiyeyuki. Kwenye kijikaratasi andika kituo, tarehe, namba ya chaza na fundo la kamba alipokuwa. Nje ya kichupa andika namba tena, na daftarini mara ya tatu.

Maabara, kwa ufupi

Hii sehemu ina vitabu vyake, nitagusa tu penye mtego wa chaza. Mtego ni ute. Konokono, kome na chaza wote wana ute wa sukari unaoshikamana na vinasaba, unaingia navyo mpaka mwisho na kuzuia PCR, ile njia ya kunakili vinasaba mara nyingi ili visomeke, isifanye kazi. Utaona kimiminiko kimekuwa kizito kama bamia. Kwa hiyo mimi hutumia njia ya CTAB, kemikali ya jamii ya sabuni, yenye chumvi nyingi, 1.4 M, pamoja na protinesi K, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, katika nyuzi 60 mpaka nyama iyeyuke. Halafu klorofomu mara mbili, si mara moja, ndipo niviangushe vinasaba kwa isopropanoli na kuviosha kwa ethanoli ya asilimia 70. PCR ikigoma, kabla ya kulaumu kitu kingine punguza sampuli kwa maji mara kumi ujaribu tena. Mara nyingi ute ndio ulikuwa umezuia.

Soma vitu viwili. Cha kwanza ni jeni ya COI ya mitokondria, kipande cha herufi 650 hivi, kwa praima (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha kunakili) za Folmer na wenzake za mwaka 1994, LCO1490 na HCO2198. Hii itakuambia kama una spishi moja au zaidi. Lakini COI ya mwilini hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo haikuonyeshi nakala mbili za mnyama. Cha pili basi ni alama za kwenye kiini cha seli, kama mikrosatelaiti, vile vipande vifupi vinavyojirudia, na ziwe kumi au zaidi. Kwenye hizo ndipo hesabu inayofuata inafanyika.

Hesabu, na ndoo zangu mbili

Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya chaza kutoka vituo viwili, kila kituo na ndoo yake. Tukiwa njiani mtumbwi uligonga jiwe, ndoo zikapinduka, chaza wote wakabingirika sakafuni mwa mtumbwi. Hakuna aliyeumia. Nikasema: si wote ni wa mto huohuo? Nikawakusanya katika ndoo moja, nikawapa namba mfululizo.

Nitaonyesha kilichotokea kwa namba rahisi nilizozichagua ili zitoke kamili, sio zile za daftari langu. Tuseme jeni moja ina nakala za aina mbili, A na B, na kila kituo kina chaza 25.

Kituo cha juu: AA ni 9, AB ni 12, BB ni 4. Hesabu nakala za A: 9 mara 2, ongeza 12, ni 30 kati ya 50, yaani 0.6. B ni 0.4. Kama chaza wanaoana bila kuchaguana, walio na AB wanatarajiwa kuwa 2 × 0.6 × 0.4, yaani 0.48 ya wote. 0.48 ya 25 ni 12. Tumepata 12. Safi.

Kituo cha chini: AA ni 1, AB ni 8, BB ni 16. A ni 10 kati ya 50, yaani 0.2. Wanaotarajiwa kuwa AB ni 2 × 0.2 × 0.8, yaani 0.32, ya 25 ni 8. Tumepata 8. Safi pia.

Sasa mimina ndoo moja. AA 10, AB 20, BB 20, jumla 50. A ni 40 kati ya 100, yaani 0.4. Wanaotarajiwa kuwa AB ni 0.48 ya 50, yaani 24. Tuna 20. Wamepungua wanne! Gawanya 20 kwa 24, toa kwenye moja: 0.167. Kipimo hiki kinaitwa FIS, na kikiwa juu ya sifuri namna hii mtu husema: chaza hawa wanazaana ndugu kwa ndugu.

Ndivyo nilivyosema. Nilikaa miezi mitatu nikiandika kwamba chaza wa Nile wanazaana wenyewe kwa wenyewe na akiba yao inakwisha. Na haikuwa kweli. Kila kituo kilikuwa na afya yake; tatizo lilikuwa mimi kuwachanganya. Ukitaka uone vizuri, pima tofauti kati ya vituo: wastani wa AB wanaotarajiwa ndani ya vituo ni 0.48 na 0.32 gawa kwa mbili, 0.40. Katika mchanganyiko ni 0.48. Toa, upate 0.08, gawanya kwa 0.48: 0.167. Kipimo hiki ni FST, kinachoonyesha vituo vimetengana kiasi gani. Namba ni ileile! Kilekile nilichokisoma kama ugonjwa wa uzazi kilikuwa ni habari niliyokuwa nikiitafuta, kwamba vituo viwili ni jamii mbili, nami niliimwaga chini ya mtumbwi. Wataalamu wanalijua jambo hili kwa jina la Wahlund, Mswidi aliyelieleza mwaka 1928. Mimi nililijua kwa kurudi mtoni na kuanza upya.

Kuna sababu nyingine mbili za kukosekana kwa AB ambazo lazima uzichunguze hata kama ndoo zako hazikupinduka. Chaza wa baharini wanajulikana sana kwa upungufu huu, na mara nyingi chanzo chake ni nakala zisizosomeka: praima haikushika kwa sababu herufi za hapo zimebadilika, mashine ikaona nakala moja na kumwandika mnyama AA kumbe ni A na kitu kisichoonekana. Chaza wana tofauti nyingi mno katika vinasaba vyao. Jenomu, yaani vinasaba vyote, ya chaza wa Pasifiki iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha hivyo wazi. Dalili yake ni kwamba upungufu unaonekana kwenye alama moja au mbili tu, wakati zingine ziko sawa. Ziondoe hizo alama uhesabu tena. Sababu ya pili ni spishi zilizojificha: umechukua chaza wa aina mbili wanaokaa kwenye mwamba mmoja bila kuoana. Hapo COI itakusaidia, maana watajigawa makundi mawili yaliyo mbali. Ukishaondoa hayo yote, na upungufu ukabaki katika alama karibu zote ndani ya kituo kimoja, ndipo unaweza kuanza kusema habari za kuzaana ndugu.

Magamba na wenyeji

Gamba la kila chaza uliyembandua lioshe, likauke kivulini, liandike namba ileile ya kichupa kwa penseli upande wa ndani, na ulihifadhi. Miaka ishirini ijayo mtu atataka kujua kama namba 14 wa Itanda alikuwa na miiba. Kipande kimoja cha nyama kiache nchini katika friji, hata kama kingine kimekwenda ng'ambo.

Na majibu yarudishe mtoni. Mimi nilichapa ramani kubwa, nikaweka kila kituo na rangi yake, nikampelekea yule mzee wa mtumbwi. Aliishika kwa mikono miwili akaitazama sana, kisha akaweka kidole penye nafasi tupu kati ya vituo viwili.

"Mwanangu, hapa hamkufika," akasema. "Maji yakishuka kuna mwamba, nao wapo wengi."

Wiki iliyofuata tulikwenda na kamba, vichupa 30 na penseli, na ndoo moja yenye mfuniko wa kufunga.